Taa ya Dagaa na Ngazi za Mama Amondi

Kutoka mlango wa nyuma wa nyumba ya Opiyo hadi chooni kuna ngazi tisa. Ni ngazi za mawe, maana nyumba yenyewe iko kwenye mlima wa Igogo, jijini Mwanza, na Igogo ni mawe juu ya mawe. Hakuna fundi aliyezipima ngazi hizo. Ya kwanza ni fupi, ya pili ni pana, na ya nne ni ndefu kuliko zote. Mama Amondi hakuipenda kabisa hiyo ya nne.

"Hii ilijengwa na mtu mwenye hasira," alisema kila alipoishuka.

Mama Amondi alikuwa na miaka sabini na miwili. Alizaliwa Rorya, mkoani Mara. Aliolewa huko, na mumewe akazikwa huko. Baada ya msiba, mwanawe Opiyo alikwenda kumchukua, akaja naye Mwanza. Opiyo ni mvuvi wa dagaa. Mkewe, Truphosa, huwauza dagaa hao sokoni. Wana binti mmoja, Princess, aliye darasa la nne.

Mama Amondi hakukaa bure. Mchana alichambua dagaa, akatoa changarawe na takataka. Jioni alimsikiliza Princess akisoma. Lakini saa aliyoipenda kuliko zote ilikuwa alfajiri. Hata jina lake ni la alfajiri, kwa kuwa Wajaluo humwita Amondi mtoto wa kike aliyezaliwa kabla jua halijachomoza.

Kila siku aliamka peke yake, wengine wakiwa bado wamelala. Alishuka ngazi zake tisa, akaenda chooni, akanawa uso. Kisha akaketi juu ya jiwe pana lililo karibu, akatazama ziwa. Kule mbali zilionekana taa za mitumbwi ya dagaa. Alijua mojawapo ni ya mwanawe, ila hakujua ni ipi. Kwa hiyo aliziombea zote.

Alfajiri moja, mwezi haukuwepo. Mama Amondi alishika kopo la maji kwa mkono mmoja. Mkono wa pili ulishika ukuta. Tochi ya simu angeishika kwa meno? Alishuka gizani kama siku zote, akihesabu kwa miguu. Sijui siku hiyo hesabu ilipoteaje. Alidhani yuko ya tano, kumbe yuko ya nne. Alianguka.

Truphosa alimkuta amekaa chini, maji yamemwagika, mkono umeanza kuvimba. Alimpeleka zahanati. Muuguzi alimpima, akamfunga bandeji.

"Mshukuru Mungu, bibi," alisema. "Ni mkono tu. Ungevunjika nyonga kwa umri huu, tungekuwa na habari nyingine."

Siku hiyo jioni Truphosa alirudi kutoka sokoni na ndoo mpya. Ilikuwa ndoo nyeupe yenye mfuniko. Aliiweka taratibu kwenye pembe ya chumba cha mama mkwe wake.

"Mama, usiku utumie hii," alisema kwa upole. "Asubuhi mimi nitaitoa. Usitoke nje tena peke yako."

"Asante, mwanangu," alijibu Mama Amondi.

Alisema asante, lakini moyo ulimuuma. Mtu aliyelea watoto saba, akawanawisha wote, leo atolewe ndoo kama mtoto! Kila asubuhi Truphosa aliifunika ndoo ile kwa khanga, akaishusha ngazi kimyakimya. Akirudi alisema "Shikamoo, mama" kwa sauti ya furaha. Laiti angenung'unika kidogo. Wema ule ndio uliomfanya Mama Amondi ashindwe hata kumtazama usoni.

Siku ya tano alimwita mwanawe.

"Opiyo, nirudishe Rorya. Kule hakuna ngazi."

Opiyo alijua kule Rorya hakukuwa na mtu. Nyumba ilikuwa imefungwa, na mchwa walikuwa wameanza kula mbao za paa.

"Kule utakaa na nani, mama?"

"Nitakaa na miguu yangu," alijibu. "Hapa hata miguu yangu si yangu."

Opiyo aliinuka. "Mama, huendi popote. Shida yako ni giza. Na giza ndiyo kazi yangu."

Maneno hayo aliyasema kwa majivuno kidogo, na alikuwa na haki. Alikuwa amevua dagaa kwa taa miaka ishirini. Alianza na karabai, sasa hutumia taa kubwa za betri, zenye mwanga mweupe unaochoma macho. Wiki hiyo mbalamwezi ilikuwa imeanza. Mbalamwezi ikiwaka, dagaa hawaifuati taa, na wavuvi hupumzika. Basi taa zilikuwa zimekaa bure.

Jioni Opiyo alipanda mlima akiwa na taa moja begani na betri yake mkononi. Aliifunga juu ya mlango wa nyuma, akaiwasha. Mlima ukawa mchana!

"We Opiyo!" mtu alipiga kelele kutoka nyumba ya juu. "Umetuletea uwanja wa mpira?"

Opiyo alicheka kwa raha. Lakini ugali ulikuwa haujafika mezani, vidudu vya ziwani vikaanza kuja. Walioishi kando ya Ziwa Viktoria wanavijua. Ni vidogo, na vikipaa pamoja unadhani ni moshi. Ziwani, vidudu hufuata taa, nao dagaa hufuata vidudu. Huku mlimani vilikuja vidudu peke yake. Viliingia kwenye mboga, kwenye maji, na puani mwa Princess.

"Dani, nimemeza kimoja!" Princess alimlilia bibi yake.

"Meza na cha pili, upate kitoweo," alisema Mama Amondi. Wote wakacheka, isipokuwa Truphosa, ambaye ndiye angefagia.

Alfajiri Mama Amondi aliamua kujaribu. Alifungua mlango wa nyuma. Mwanga ulikuwa mwingi, lakini ulitoka nyuma yake, juu ya kichwa chake. Mbele yake kivuli chake kililala juu ya ngazi, kirefu na cheusi. Ngazi ya nne ilikuwa imezama ndani ya kivuli hicho. Alishuka akipapasa. Wakati wa kurudi mambo yalizidi. Taa ilimtazama machoni, naye hakuona kitu. Alipanda zile ngazi kwa magoti na mkono mmoja.

Hakumwambia mtu. Angemwambiaje Opiyo, aliyejisumbua namna ile? Usiku uliofuata alitumia ndoo.

Siku ya tatu jirani yao alibisha hodi. Aliitwa Justa Machibya. Justa ni fundi wa umeme, mwanamke Msukuma mwenye mikono migumu na maneno laini. Nyumba yake iko chini kidogo ya ile ya Opiyo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu ukae."

"Nimekaa siku tatu na vidudu vyenu, mama, acha leo nikae na nyie," alisema Justa, akacheka. "Kaka Opiyo, mtoto wangu halali. Hiyo taa ni ya nini?"

Opiyo alimweleza yote, tangu kuanguka hadi taa. Justa alisikiliza mpaka mwisho. Hakucheka tena.

"Mama, hiyo taa imekusaidia?" alimuuliza Mama Amondi.

Mama Amondi alimtazama mwanawe, kisha akatazama chini. "Ni taa nzuri," alisema.

Justa hakuridhika na jibu hilo. Giza lilipoanza kuingia, saa moja jioni, alimshika mkono Mama Amondi, wakatoka mlango wa nyuma. Opiyo alifuata.

"Shuka polepole, mama. Mimi nimekushika. Unaona nini?"

"Naona mtu mweusi ananitangulia."

"Huyo ni kivuli chako. Na ngazi ya nne unaiona?"

"Ya nne amekaa yeye," alisema Mama Amondi.

Walipogeuka ili kupanda, alikinga uso kwa kiganja. Opiyo aliyaona hayo yote kwa macho yake. Alisikitika sana.

"Mama, kwa nini hukusema?"

"Ulikuwa umefurahi, mwanangu."

Waliketi jikoni. Justa alizungumza na Opiyo kwa heshima, kwa kuwa alijua mtu mzima haambiwi amekosea kama anavyoambiwa mtoto.

"Kaka Opiyo, kule ziwani unataka dagaa waione taa. Hapa nyumbani hatutaki mama aione taa. Tunataka aione ngazi. Hizo ni kazi mbili tofauti."

Opiyo aliitikia kwa kichwa taratibu. "Endelea."

"Macho ya wazee huumizwa na mwanga mkali. Mama apelekwe pia hospitali akapimwe macho, hilo si kazi yangu. Kazi yangu ni taa. Kwanza, taa ikae chini, karibu na mguu, imulike jiwe. Pili, mwanga uwe wa njano, kama wa kibatari. Vidudu havipendi sana mwanga wa njano. Vitakuja vichache tu. Tatu, taa isiwake usiku kucha. Iwake mama anapopita, kisha izime yenyewe."

"Itamjuaje mama?" aliuliza Truphosa.

"Ni taa yenye sensa. Watu huziita taa zenye akili. Ina vijicho viwili. Kimoja hutambua kama ni giza au mchana. Cha pili hutambua joto la mwili wa mtu anayetembea. Giza likiwepo na mtu akipita, inawaka. Mtu akiondoka, inakaa dakika moja au mbili, kisha inazima."

Mama Amondi alicheka. "Akili? Mimi zangu zinapungua, taa ndiyo inazipata?"

"Ziko hata za kuamrishwa kwa simu," alisema Justa. "Mtu yuko Ukerewe, anazima taa ya sebuleni kwake Mwanza. Lakini hizo zinataka intaneti ndani ya nyumba muda wote. Nyie hamzihitaji. Ngazi tisa zinataka sensa tu."

"Na umeme wa luku?" Truphosa aliuliza tena. Kuchaji ile betri kubwa kila asubuhi kulikuwa kumewamalizia umeme kabla ya siku yake.

"Taa hizi ni ndogo sana. Nne zikiwaka pamoja hazifikii balbu moja ya zamani. Tena zitawaka dakika chache tu kwa usiku mzima."

Kesho yake Opiyo na Justa walikwenda Mirongo, katikati ya mji, kwenye duka la vifaa vya umeme. Mwenye duka aliwasha taa moja baada ya nyingine. Opiyo alivutwa na ile kubwa nyeupe. Alikuwa ndiyo kwanza ananyoosha kidole.

"Kaka," alisema Justa, "hatuendi kuvua."

Opiyo alikishusha kidole chake. Walinunua taa nne za mwanga wa njano. Tatu zilikuwa za nje, za aina isiyoingiza maji ya mvua. Moja ilikuwa ndogo, ya chumbani. Walinunua pia waya, bomba la kupitishia waya, na kopo dogo la rangi nyeupe.

Kabla ya kugusa waya wowote, Justa alizima umeme wa nyumba nzima kwenye swichi kuu. "Mtu asiye fundi asijaribu," alimwambia Princess aliyekuwa anachungulia. Alifunga taa tatu kwenye ukuta wa ngazi, chini, usawa wa goti, kila moja ikitazama jiwe. Juu ya kila taa aliweka kikofia cha bati ili mwanga usipande machoni. Opiyo alipaka mstari mweupe kwenye ukingo wa kila ngazi. Ile ya nne aliipaka mara mbili.

Ikabaki taa ya chumbani. Hapo Opiyo alisimama nje ya pazia. Kwa mila ya Wajaluo, mwana aliyekwisha kuwa mtu mzima haingii chumba cha kulala cha mama yake. Justa aliingia peke yake. Aliifunga ile taa ndogo karibu na kitanda, chini. Kwa kuwa chumba hicho kiko jirani na mlango wa nyuma, waya wa taa zote nne ulianzia humo, kwenye swichi moja ukutani.

Jioni walijaribu. Mama Amondi alipita, taa zikawaka. Aliondoka, zikazima. Princess alipanda na kushuka mara kumi, mpaka mama yake akamkemea. Ile taa ya dagaa ilirudi mwaloni, kwenye mtumbwi wake, na mtoto wa Justa akalala.

Alfajiri Mama Amondi aliamka. Aliteremsha miguu kutoka kitandani. Giza. Alipunga mkono. Giza. Alipiga makofi kidogo, akaona haya. Mwisho alinong'ona, "Justa?" kana kwamba Justa alikuwa ndani ya taa. Aliburuza miguu hadi mlango wa nyuma, akaufungua. Nje pia giza, maana mawingu yalikuwa yameufunika mwezi.

Alirudi kitandani akakaa. Machozi yalimtoka. "Hata taa imenikataa," alijiambia. Akaivuta ndoo.

Kulipokucha alitoka na begi lake limefungwa.

"Opiyo, nikatie tiketi ya basi la Rorya."

Opiyo alikasirika. Alimpigia simu Justa, aliyekuwa tayari Kisesa, akifunga umeme kwenye nyumba ya mteja. "Fundi, umetuuzia taa mbovu!"

"Jana ziliwaka, kaka. Tuliziona wote," alisema Justa. "Weka sauti kubwa, niongee na mama."

Simu iliwekwa mezani. Familia nzima ilisogea.

"Mama, jana usiku, kabla ya kulala, ulifanya nini? Nieleze moja moja."

"Nilisali," alisema Mama Amondi. "Nikavua viatu. Nikazima swichi. Nikalala."

Justa alidakia hapo hapo.

"Swichi ipi, mama?"

"Hiyo nyeupe ya ukutani. Kwani taa haizimwi? Mama yangu alinichapa kwa kuacha kibatari kinawaka. Tangu siku hiyo silali taa ikiwa haijazimwa."

Opiyo alishika kichwa, kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka akakaa chini. Swichi ilikuwa ndani ya chumba asichoruhusiwa kukanyaga. Angeijua kwa ramli?

"Kosa ni langu, mama," alisema Justa. "Nilikuonyesha taa, nikasahau kukuonyesha swichi. Taa hizi hazilali. Zinasinzia tu, zikikusubiri. Ukizima swichi, umezifumba macho. Iache hivyo hivyo usiku na mchana. Umeme zinaokula zikisubiri ni kidogo mno."

"Basi niziache macho?"

"Ziache macho, mama. Kuzima ni kazi yao wenyewe."

Mama Amondi alifikiri. Kisha alimwomba Princess kalamu nene na kipande cha boksi. Mwaka uliotangulia alikuwa amejifunza kusoma na kuandika, katika darasa la watu wazima pale kanisani. Aliandika polepole, ulimi ukiwa nje kidogo, kwa herufi kubwa: USIZIME. Alikibandika kile kipande juu ya swichi kwa mkono wake mwenyewe.

"Hii ni kwa ajili yangu mimi," alisema. "Mimi ndiye mkaidi."

Begi alilifungua, nguo akazirudisha kwenye kamba.

Siku chache baadaye mbalamwezi ilikwisha, na Opiyo akarudi ziwani. Alfajiri Mama Amondi aliamka kama zamani. Alipoteremsha miguu, mwanga wa njano ulizipokea nyayo zake. Alichukua kopo la maji, akafungua mlango wa nyuma. Taa ya kwanza iliwaka, akaona ngazi ya kwanza, ya pili na ya tatu. Alipofika hapo, taa ya pili ikawaka. Ile ya nne ilikuwa mbele yake, na mstari wake mweupe, haina pa kujificha.

"Leo nakuona," aliiambia.

Alikwenda chooni. Alinawa uso. Aliketi juu ya jiwe lake pana, na taa za ngazi zikazima nyuma yake, ziwa likabaki lote mbele. Taa za mitumbwi zilikuwa kule. Aliziombea zote, moja baada ya nyingine, na hakuwa na haraka.

Jua lilikuwa limechomoza Opiyo alipopanda mlima na gunia lake. Alimkuta mama yake bado pale.

"Shikamoo, mama. Nimekuona."

"Marahaba. Umenionea wapi?"

"Tulikuwa tunakaribia nchi kavu. Nikatazama huku mlimani, kote giza. Kisha taa moja ikawaka, ikaja ya pili, ikaja ya tatu." Opiyo aliliweka gunia chini. "Nikawaambia wenzangu, mama yangu huyo, anatembea."

Mama Amondi aliinuka, akajifunga khanga yake vizuri.

"Opiyo, una msumari?"

"Upo. Wa nini?"

"Nataka kuitoboa ile ndoo matundu chini. Nimeona nipande mchicha."